Kusafisha Lundo la Mawe Yaliyochenjuliwa kwa Sayanaidi Kabla ya Kufunga Mgodi wa Dhahabu

Lundo la mawe lililonyunyiziwa sayanaidi, kemikali yenye sumu inayoyeyusha dhahabu, kwa miaka mingi haliwi salama siku pampu zinapozimwa, kwa kuwa maji yenye sumu hubaki yamenaswa kati ya mawe na kuendelea kuchuruzika kwa muda mrefu. Huko kwenye mgodi wa dhahabu wa Summitville, Colorado, kampuni ilifilisika na kuondoka Desemba 1992, ikabidi serikali ya Marekani iingilie haraka ili maji ya lundo yasifurike na kuingia mtoni. Kwa hiyo, kabla ya yote, hakikisheni kuwa mabwawa yanayokusanya maji ya lundo yana nafasi ya kupokea hata mvua kubwa.

Anzeni kwa kuzungusha maji yaliyopo bila kuongeza sayanaidi, mkikusanya dhahabu iliyobaki, kisha nyunyizieni maji safi. Msitumie tindikali kuharakisha kazi: kipimo cha utindikali na ualkali, yaani pH, kikishuka hadi takriban 9.3, nusu ya sayanaidi huru, yaani isiyoshikamana na metali, huwa imegeuka kuwa umbo linaloruka hewani kama gesi ya kuua. Maji yanayotoka yatibiwe kwa hidrojeni peroksaidi, kemikali inayovunja sayanaidi, pH ikiwa bado juu, na wafanyakazi wavae vipima gesi.

Jimbo la Nevada, Marekani, hutaka maji ya kusuuzia yatoke yakiwa na chini ya miligramu 0.2 kwa lita ya sayanaidi inayoachana na metali kwa urahisi, pH ikiwa kati ya 6 na 9. Hapa ndipo wengi hukosea, nami nasisitiza: kipimo kizuri cha kwanza hakitoshi. Maji hujichagulia njia zake ndani ya lundo na kuyapita mabonge yenye udongo mfinyanzi bila kuyagusa, hivyo kinachopimwa ni usafi wa njia hizo tu. Simamisheni maji kwa wiki kadhaa, suuzeni tena, mpime upya. Kiwango kikipanda, kazi haijaisha. Tobozeni lundo pia na kuchukua sampuli za ndani.

Pimeni vilevile aseniki, seleniamu, zebaki na naitreti, ambayo huzaliwa sayanaidi inapovunjika. Mawe yenye salfaidi, yaani madini yenye salfa, huhitaji uangalifu zaidi, maana baadaye yanaweza kutoa tindikali.

Baada ya hapo punguzeni mwinuko wa kingo, funikeni lundo kwa udongo unaohifadhi mvua hadi mimea iinywe, na chimbeni mitaro ya kuepusha maji ya juu. Bwawa la mwisho na visima vya uchunguzi vibaki vikitumika hadi mchuruziko utakapokoma au utakapothibitika kuwa hauna madhara.