Jinsi ya kumfundisha mbunifu wa grafiki kuzungumza na mteja

Vijana wengi ninaowafundisha wanaijua Photoshop vizuri. Kinachowakwamisha ni mteja: wamuulize nini, bei waitaje vipi. Mambo haya yanafundishika, na ni vyema yaanze kompyuta ikiwa bado imezimwa.

Hatua ya 1: Igizo

Wakae wawili wawili. Mmoja awe mama anayetengeneza achari na anataka lebo, mwingine awe mbunifu. Dakika kumi, hakuna kuchora.

Anayeanza hukimbilia kuuliza, "Unapenda rangi gani?" Mzuie hapo hapo. Aulize kwanza: achari inauzwa gengeni au supamaketi? Chupa ina ukubwa gani? Alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) ameshapata? Msimbo milia (barcode) je? Namba zinazotolewa Tanzania huanza na 620, na kama mama hajapata yake, lebo iachiwe nafasi mapema. Viambato, uzito na tarehe ya mwisho wa matumizi vitakaa wapi? Mbunifu akishayajua haya, nusu ya lebo imeshajipanga yenyewe.

Wabadilishane nafasi, warudie. Hatua hii usiiharakishe hata kidogo.

Hatua ya 2: Bei kwa maandishi

Karatasi moja inatosha: kazi yenyewe, siku ya kukabidhi, masahihisho mara mbili, nusu ya malipo kabla ya kuanza. Gharama ya kuchapa iandikwe kando, maana hapo ndipo ugomvi mwingi huzuka.

Kisha fanyeni zoezi la kupatana. Mama akisema, "Mwanangu, nipunguzie," kijana asishushe bei kwa kazi ile ile. Apunguze kazi: "Sawa mama. Kwa laki tatu nitakufanyia lebo ya chupa ndogo, ya chupa kubwa tutaifanya baadaye." Heshima imebaki, na thamani ya kazi imebaki.

Wafundishe pia kodi ya zuio. Kampuni ya Tanzania ikimlipa mbunifu mkazi shilingi 400,000 kwa huduma, hukata asilimia 5, yaani 20,000. Asiondoke bila cheti cha zuio, kwa sababu kiasi hicho huhesabiwa kwenye kodi yake ya mwaka.

Hatua ya 3: Kuonyesha kazi

Lebo ichapwe, ibandikwe kwenye chupa, iwekwe mezani. Badala ya "Umeipenda?", aulize: "Mnunuzi akisimama mbali kidogo na rafu, ataona nini kwanza?" Swali hilo huwarudisha wote wawili kwa mnunuzi.

Hatua ya 4: Masahihisho

Wateja wengi hutuma ujumbe wa sauti WhatsApp. Mwanafunzi ausikilize wote, kisha ajibu kwa maandishi:

"Shikamoo mama. Nimekusikiliza. Umeomba mambo mawili: jina liwe kubwa zaidi, na picha ya embe iondoke. Nikishayafanya, tutakuwa tumemaliza masahihisho ya kwanza. Niendelee?"

Asiguse kitu mpaka mama ajibu. Faili za mwisho azitume salio likishaingia.