Krimu au pichi? Zipime ndani ya chumba chako kabla hujanunua ndoo

Kwenye kadi ya dukani Darajani, krimu na pichi iliyopauka utadhani ni rangi moja. Zikifika ukutani zinaachana: ya kwanza huvuta unjano, ya pili wekundu.

1. Tafuta asili yake. Weka kadi zote mbili juu ya karatasi nyeupe pepe, kisha shuka hadi kwenye rangi iliyokolea kabisa katika mstari uleule wa kadi. Hapo haijifichi tena.

2. Paka karatasi, usipake ukuta. Nunua kopo dogo la kila moja. Paka manila mbili, kila moja mikono miwili (yaani tabaka mbili za rangi), uache ukingo mweupe. Ukijaribia juu ya rangi ya zamani, jicho litalinganisha na ile ya zamani. Halafu subiri zikauke: rangi ya maji mara nyingi hukolea kidogo, chokaa hupauka sana. Na kama nyumba yako ni ya mawe na chokaa, ya Mji Mkongwe, rangi ya plastiki sikushauri hata ikupendeze vipi. Inazuia unyevu usitoke, mwishowe ukuta unavimba na kubabuka. Hapo linganisha chokaa kwa chokaa.

3. Zihamishe na jua. Hapa ndipo usifanye haraka. Bandika manila ukuta wa mkabala na dirisha, kisha ukuta wenye dirisha lenyewe, ambao siku zote huwa na giza zaidi. Tazama asubuhi, adhuhuri na alasiri. Kumbuka pia msimu: Unguja iko kusini ya ikweta, kiasi cha nyuzi 6, kwa hiyo mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini na Desemba upande wa kusini. Dirisha la kaskazini linalowaka wakati wa kusi halitapata jua hilo wakati wa kaskazi.

Chumba cha uchochoroni kina hesabu yake. Mwanga wake unatoka kwenye ukuta wa jirani. Ukuta huo ukiwa wa kijivu, krimu hufifia na kuwa kama ina ukijani. Mimi huchukua pichi. Ukiwa mwekundu, pichi inazidi, basi krimu.

4. Washa taa. Soma boksi la balbu, namba yenye K: ndiyo kipimo cha rangi ya mwanga. 6500K ni nyeupe ya baridi, hunyonya joto la krimu. 2700K hadi 3000K huzitia zote unjano, na tofauti hupungua. Picha ya simu usiiamini, kamera hurekebisha rangi yenyewe. (Wateja hunitumia kila siku.)

5. Sogeza vitu vya chumba. Mlango wa mbao, zulia, mapazia. Mbao nyekundu huifanya pichi ionekane imepauka.

6. Ukishachagua rangi, nunua ndoo zake zote pamoja. Hakikisha zina namba ileile ya toleo. Zikitofautiana, zimimine katika pipa moja ukoroge kabla ya kugusa ukuta.