Kuanzisha klabu ya watoto kanisani na isife baada ya miezi miwili

Anza na daftari la majina ya watoto, sio skafu. Najua vile huwa, baraza la kanisa likishapitisha tu kwamba sasa tutakuwa na klabu ya watoto, swali la kwanza ni yunifomu inashonwa wapi na nani atachanga, na kabla mwezi uishe kuna watoto 40 wamevaa skafu za manjano wamepigwa picha pale mbele ya mimbari, halafu Sabato ya pili wako 25, ya tano wako 9, na mwalimu mwenyewe hayuko. Nimeona hiyo ikitokea kwa kanisa zaidi ya moja hapa Eastlands, na mwaka wa kwanza ilitupata sisi pia. Kwa hivo hii naiandikia mtu yeyote ameitwa kando na mzee wa kanisa akaambiwa "wewe unapenda watoto, tushikie hiyo idara" na hajui aanzie wapi.

Sisi ni Waadventista, so klabu zetu zimegawanywa kwa umri. Walio chini ya miaka 10 ni Adventurer, 10 hadi 15 ni Pathfinder, 16 kuendelea ni Ambassador. Pathfinder ilitambuliwa rasmi na kanisa letu duniani mwaka wa 1950 na kila umri una darasa lake, Friend miaka 10, Companion 11, Explorer 12, Ranger 13, Voyager 14, Guide 15. Kama wewe ni wa PCEA, lile kanisa la Presbyterian, mko na Boys' Brigade na Girls' Brigade, Wakatoliki watoto wao wako PMC, yaani Pontifical Missionary Childhood. Ninachosema ni kwamba kama dhehebu lako liko na klabu yake tayari, chukua hiyo hiyo, usikae usiku mzima ukibuni jina na wimbo. Mtaala ushaandikwa, beji ziko, na kitu kikubwa zaidi, mtoto wa Nairobi anahamahama sana, leo wako Kayole, rent ikipanda wako Ruai, na akifika kanisa la huko anaendelea pale alikuwa amefikia badala ya kuanza upya kati ya watu hawajui.

Sasa watu wazima. Tafuta angalau watatu, juu mmoja akisafiri bado mnabaki wawili, na wawili ndio kiwango cha chini siku zote. Hakuna mtu mzima kubaki na mtoto peke yao kwa chumba kimefungwa mlango, ata kama ni mzee wa kanisa, ata kama ni mke wa mchungaji, ata kama ni wewe. Kila mmoja wenu alete cheti cha tabia njema kutoka DCI, wale wapelelezi wa polisi. Unaomba kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, unalipa shilingi 1,050, unaenda kuchukuliwa alama za vidole Huduma Centre ama pale makao makuu Kiambu Road. Kuna wenye watakasirika waseme nimekuwa kwa hili kanisa miaka 20 na mnanishuku, na jibu ni moja tu, mimi mwenyewe nimeshapeleka vidole vyangu, twende pamoja Jumatatu. Mtu akikataa kabisa mpe kazi nyingine ya kanisa, ziko nyingi.

Hapo pia kumbuka kwa sheria ya watoto ya mwaka wa 2022 mtoto ni yeyote hajafika miaka 18, kwa hivo yule Ambassador wako wa miaka 17 anakusaidia vizuri sana bado ni mtoto na huwezi mhesabu kama mmoja wa wale watu wazima wawili. Na bandika namba 116 ndani ya mlango wa kabati. Ni simu ya bure ya kusaidia watoto, inashikwa mchana na usiku. Mtoto akikuambia kuna mtu anamfanyia mabaya, usimwahidi utaweka siri, usimhoji kama polisi, na tafadhali usiende kukaa chini na wazee wa familia mmalize mambo kwa chai. Mwambie amefanya vizuri kusema, halafu piga.

Turudi kwa daftari. Letu ni lile kubwa la jalada gumu. Kila mtoto ana ukurasa wake, jina, siku ya kuzaliwa, ploti wanaishi na nyumba namba gani, kitu kinamdhuru kama karanga ama pumu, nani atamchukua jioni, na namba ya simu ya mtu *anashika simu* Sabato mchana, juu ukiandika tu ya baba na baba yuko kazini godauni Industrial Area simu iko kwa loka, hiyo namba haikusaidii. Uliza pia kama mzazi amekubali mtoto apigwe picha na aweke sahihi, sheria ya data ya 2019 inataka idhini ya mzazi na sio kitu cha kuchukulia mzaha, watoto wengine wamefichwa kwa shangazi juu ya kesi za nyumbani na picha moja kwa Facebook inawaletea shida.

Majina yanaitwa kila wiki kwa sauti. Halafu, na hapa ndipo klabu inaishi ama inakufa, Jumapili jioni mmoja wenu anapigia kila mtoto hakuonekana. Kupiga, sio kuandika kwa grupu ya WhatsApp "tumewamiss". Tulikuwa na kijana wa miaka 11, mtulivu, alipotea Sabato tatu tukasema labda amechoka na sisi. Mwenzangu akampigia mama yake. Mama akasema, "Mwalimu, viatu viliisha, na yeye anasema huko hamumachi na slippers." Hakuna mtu alikuwa amemwambia hivo, aliangalia tu miguu ya wenzake akaamua. Sabato iliyofuata tukatangaza wote tunamachi na slippers, mimi nikiwemo, na ilikuwa fujo ya kelele kwa ile simiti lakini alikuja, na hajakosa tena mpaka wa leo akiwa Ranger.

Kwa hivo yunifomu naiweka hapa baadaye makusudi. Miezi mitatu ya kwanza hakuna kitu. Baadaye skafu, na skafu mtoto anapewa mbele ya kanisa baada ya kujifunza ahadi na zile sheria 8, sio kwa kulipa. Shati na suruali ama sketi ya khaki wazazi wanaweza weka 50 bob kila wiki kwa mweka hazina na anaandika, kitambaa mnanunua pamoja mjini, ama mnapitia Gikomba asubuhi na mapema na mtu anajua kuchagua. Sisi pia tuko na sanduku la bati la yunifomu za waliokua. Mtoto anachukua bila kuandikwa mahali, na zinagawiwa nyuma kwa ofisi, sio mbele ya wenzake. Huyu hana, yule ako nayo, watoto wanahesabu hayo mambo haraka kuliko sisi.

Saa. Sisi ni saa nane na nusu mpaka kumi na nusu mchana, wakishakula na kabla giza, juu kuna wanaotembea mpaka mbali. Usiruhusu ipitilize. Mzazi ambaye sio wa kanisa lako, na utawapata wengi, anakuamini kwa vile unarudisha mtoto saa ulisema.

Tunaanza na kumachi dakika 15 nje. Kuna washirika walilalamika eti mnafundisha watoto ujeshi siku ya ibada, na nilikaa nao nikawaelezea, baraza likakubali. Huyu mzee William Alexander Smith aliyeanzisha Boys' Brigade kule Glasgow mwaka wa 1883 alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, na wavulana wake walikuwa wamemshinda kabisa kelele na utundu, na kwa vile alikuwa pia afisa wa jeshi la kujitolea akaona kwa gwaride wavulana wa rika hilo hilo wanasimama wima na wanafurahia. Akaleta gwaride kanisani. Imekaa zaidi ya miaka 140 na ukiona vijana wa miaka 13 wakigeuka wote pamoja mara moja, ule uso wanakuwa nao, utaelewa.

Kisha kitu cha mikono. Usihubiri, wametoka kwa mahubiri. Mfano mafundo ya kamba, ambayo ni beji rahisi ya kuanza nayo. Nunua kamba ya katani, kata vipande vya kama mita moja na nusu, funga ncha na uzi zisifumuke, kila mtoto na chake, kushare kamba ni kupoteza nusu ya darasa. Fundisha kile kitanzi hakijikazi ata uvute namna gani. Tengeneza kijitundu kidogo kwa kamba, ncha itoke chini ipande kwa tundu, izunguke nyuma ya ile kamba ndefu, irudi chini kwa tundu ile ile, shika pande zote uvute. Wengi watakosea pale kwa kuzunguka, watapitisha mbele, na fundo litafunguka. Waache likifunguka. Kuna msichana wa Explorer lilimfungukia mara sita, machozi karibu, ya saba likashika akajifunga nayo kiunoni akaambia wavulana wawili wavute, halikukaza. Wiki mbili baadaye mama yake ananiambia maji yalipotea kwa flat na huyo mtoto ndiye alikuwa anafunga mitungi ivutwe mpaka ghorofa ya tatu, na haikuanguka hata moja. Baada ya fundo ndio unaweza soma mstari mmoja na mkaongea, dakika 10, na wao ndio waongee.

Mwisho uji ama chai na mandazi. Usiruke hii ata pesa ikiwa kidogo, kuna mtoto hicho ndicho chakula chake cha mchana.

Kambi ya kulala, ngoja mwaka mmoja. Kwanza lala nao kwa kiwanja cha kanisa usiku mmoja ujue nani anaogopa giza na nani anatembea usingizini. Likizo ya Aprili iko ndani ya mvua ndefu, utalala kwa matope. Agosti ni baridi sana lakini ni kavu, kila mtoto blanketi mbili. Kama hamna pa kwenda uliza kuhusu Rowallan, ile kambi ya maskauti karibu na Jamhuri.

Na kwa safari usihesabu vichwa. Sisi tulihesabu vichwa, 31, tukaambia dereva twende, kumbe kuna mdogo wa mtu alikuwa amejipenyeza kwa gari na mtoto wetu wa kweli alikuwa bado chooni. Alikaa na bawabu dakika 40 mpaka tukageuza. Hakulia, alikuwa ameketi tu kwa jiwe ameshika begi yake na mikono miwili, na mimi ndiye nililia. Tangu hiyo siku tunaita jina, mwenyewe anajibu, na jina la pili linaitwa akishakaa.

Wale wakubwa sasa. Wakifika miaka 14 wanaanza kuketi nyuma na simu, wengine wanaenda bodingi na unawaona likizo tu. Usipigane na simu, wape kazi. Mmoja afundishe wadogo mafundo, mwingine ashike pesa ya mandazi na alete hesabu, mwingine awe ndiye anapiga kelele za gwaride. Yule anasumbua zaidi, sisi ndiye tunampa daftari. Anaketi pale mlangoni na kalamu imefungwa na uzi, anaita majina, na Jumapili jioni anaketi na mmoja wetu, spika ikiwa juu, anauliza mama ya fulani mbona jana hamkuonekana.