Msamaha wa Kodi na Kinga ya Makazi kwa Nyumba za Kuhamishika Texas

Anayeishi katika nyumba ya kuhamishika kwenye kiwanja cha kukodi mara nyingi huambiwa kwamba hastahili msamaha wa kodi ya makazi kwa sababu ardhi si yake. Sivyo. Sheria ya kodi ya Texas inampa mwenye nyumba msamaha kwa nyumba yenyewe, na ardhi ya mtu mwingine huachwa nje ya hesabu. Kinachowakwamisha wengi ninaowajazia fomu ni hati ya umiliki.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuhakikisha hati hiyo ina jina lako. Hutolewa na kitengo cha nyumba za kiwandani (ndizo hizi za kuhamishika) katika Idara ya Nyumba na Masuala ya Jamii ya Texas, wala si na ofisi inayosajili magari. Risiti ya muuzaji haibadilishi jina katika daftari la idara. Maombi ya kubadilisha jina yapelekwe ndani ya siku 60 baada ya mauzo. Kabla ya kulipa, soma namba ya bati jekundu lililopigiliwa nje ya kila kipande cha nyumba (zilizojengwa kabla ya tarehe 15 Juni 1976 hazina bati hilo, kwa hiyo tumia namba ya kiwandani), kisha uitafute katika daftari la idara mtandaoni, ambako utaona mmiliki aliyeandikishwa, madeni yaliyowekewa nyumba hiyo dhamana, na kodi za nyuma ambazo huweza kuifuata hata ikiuzwa. Muuzaji anayeficha namba hiyo, mimi ningemwachia nyumba yake.

Hatua ya pili ni kujaza fomu 50-114 na kuipeleka katika ofisi ya uthamini wa mali ya kaunti kabla ya Aprili kwisha, pamoja na nakala ya hati ya umiliki na kitambulisho cha jimbo chenye anwani ileile. Hakuna ada. Tangu mwaka wa kodi wa 2025, dola 140,000 huondolewa katika thamani inayotozwa kodi ya shule, kwa hiyo nyumba iliyothaminiwa dola 60,000 haidaiwi kodi hiyo hata senti moja, ingawa kodi nyingine za kaunti na mji zinaweza kubaki.

Kama kiwanja ni chako, iombe idara nyumba ihesabiwe kuwa mali isiyohamishika. Baada ya kupewa hati mpya, una siku 60 za kusajili nakala yake iliyothibitishwa kwa karani wa kaunti na kuiarifu idara. Kabla ya yote mawili kukamilika, sheria haiitambui hivyo.

Kinga dhidi ya wadai ni jambo jingine, nayo inatokana na Ibara ya 16 ya Katiba ya Texas. Mdai wa kadi ya mkopo hawezi kulazimisha makazi yako yauzwe, lakini aliyekukopesha fedha za kuinunulia nyumba na mtoza kodi wanaweza. Wala kinga hiyo haimzuii mwenye uwanja kumwondoa mpangaji asiyelipa pango la kiwanja. Kwa hiyo tunza risiti za pango, na ukishtakiwa ukiwa kwenye ardhi ya kukodi, mwone wakili kabla ya siku ya kujibu mashtaka kupita.