Somo: Kula kwa ajili ya kucha na nywele baada ya miaka 60 (tafadhali lisome lote kabla ya kuuliza)

Kila wiki wanachama wa kikundi chetu huniuliza jambo lile lile: mama au baba amevuka miaka 60, kucha zinachanika kama karatasi, nywele zinabaki kwenye kitana, je, apewe nini? Nimechoka kujibu kipande kipande, hivyo nimeyaweka yote hapa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansikimu, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, na nina miaka 68. Sehemu ya somo hili niliifundisha darasani. Sehemu iliyobaki nilijifunza kwa kukosea.

Hatua ya kwanza: fahamu muda. Ukucha wa mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo huchukua kama miezi 6 kujibadilisha wote, na wa mguu huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Nywele hurefuka takriban sentimita 1 kwa mwezi. Uzeeni kasi hiyo hupungua. Atakayeniandikia baada ya wiki mbili kwamba haoni mabadiliko, sitamjibu.

Hatua ya pili: hesabu protini. Ukucha na unywele vimejengwa kwa keratini, ambayo ni protini, na hapa ndipo wazee wetu hupungukiwa bila mtu kugundua, kwa sababu meno yakishapungua nyama huachwa, na siku nzima hubaki uji asubuhi, ugali na mlenda mchana, kisha chai na kipande cha mkate jioni. Mzee huhitaji takriban gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60, basi, anahitaji gramu 60 hadi 72 kwa siku. Yai moja lina gramu 6, glasi ya maziwa gramu 8, kiganja cha karanga gramu 7, na kikombe cha kunde au maharage yaliyopikwa hukaribia gramu 15. Asiye na meno asagiwe dagaa na kuchanganyiwa kwenye mlenda, au apondewe kunde. Mwenye ugonjwa wa figo asiifuate hesabu hii kabla ya kuonana na daktari wake.

Hatua ya tatu: mboga za majani na tunda kila siku.

Hatua ya nne: chuma. Hapa nisomeni polepole, kwa maana hapa ndipo nilipoharibu. Nilipokuwa na miaka 63 kucha zangu zilianza kubonyea katikati kama kijiko, na kwa kuwa nilijua kuwa hiyo ni dalili ya upungufu wa chuma, nilianza kula mchicha na majani ya kunde kila siku, sahani tele, huku nikishushia na chai ya rangi iliyokolea kama nilivyozoea tangu usichana. Miezi 7 ikapita bila nafuu yoyote. Makosa yangu yalikuwa mawili. La kwanza ni chai yenyewe: tanini zilizomo hukishika chuma cha mboga na nafaka tumboni kisifyonzwe, kwa hiyo chai na kahawa zikae mbali na mlo, walau saa moja, na mahali pake uwekwe ubuyu, ndimu, embe au pera, maana vitamini C hukisaidia chuma hicho kupita. (Zabibu zetu za Dodoma nazipenda mno, lakini kwa vitamini C hazilikaribii pera.) Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Kwa miaka miwili nilikuwa nikimeza diklofenaki, vidonge vya maumivu, kwa ajili ya magoti, nikijinunulia dukani mwenyewe, na dawa hizo zilikuwa zimenichubua tumbo, damu ikivuja kidogo kidogo. Nisingepimwa wingi wa damu ningeendelea kulaumu mchicha. Kwa hiyo angalizo: mzee mwenye upungufu wa chuma asitibiwe kwa chakula peke yake. Lazima itafutwe sababu, na choo kikiwa cheusi kama lami aende hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya tano: usianze na vidonge vya urembo. Vingi huwa na biotini, vitamini ya kundi B, lakini upungufu wake ni nadra kwa mtu anayekula mayai, karanga na kunde, na dozi kubwa zake zinaweza kupotosha majibu ya vipimo vya tezi ya shingo na vya moyo. Vitamini A na madini ya seleniamu zikizidi, zenyewe hupukutisha nywele.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kizota: Kidonge gani kinaotesha nywele haraka?
Jibu: Hatua ya tano. Na hatua ya kwanza.

Kijana wa Area C: Bibi zetu walikunywa chai na chakula maisha yao yote na kucha zao zilikuwa imara. Hizi ni nadharia za vitabuni.
Jibu: Majibu ya damu yangu hayakutoka kitabuni. Bibi yako huenda alikula maziwa na nyama zaidi ya unavyodhani, na chuma cha nyama hakizuiwi na chai kwa kiwango kile. Jaribu au acha.

Mjukuu wa Kongwa: Shikamoo mwalimu. Bibi yangu hula ugali wa mtama mwekundu pekee. Je, mtama nao una tanini kama chai?
Jibu: Marahaba, mjukuu, umeuliza vizuri. Ndiyo, mtama mwekundu una tanini nyingi kuliko mweupe, na nafaka zote zina fitati zinazoshika chuma na zinki. Usimnyang'anye bibi ugali wake. Loweka nafaka usiku kucha na kumwaga maji kabla ya kuanika na kusaga, au umpe uji uliochachushwa, au uongeze kimea cha ulezi. Kuchachusha na kuotesha hupunguza fitati. Kuchanganya na uwele pia ni jambo jema.

Mama wa Mpwapwa: Je, madoa meupe kwenye kucha ni upungufu wa kalisi?
Jibu: Hapana. Mara nyingi ni ukucha uliogongwa. Lakini mstari mweusi mpya kwenye ukucha mmoja, unaopanuka, uonwe na daktari.

Mjukuu wa Kongwa: Na magadi kwenye mlenda?
Jibu: Magadi huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B, tena yana sodiamu, ambayo haimfai mwenye shinikizo la damu. Weka kidogo sana au uache. Majani ya kunde nayo yakaushiwe kivulini, kwa sababu jua kali huunguza vitamini A.

Mzee wa Bahi: Mimi ninatumia metiformini ya kisukari. Je, inahusika?
Jibu: Inaweza, mzee wangu. Ikitumiwa kwa muda mrefu hupunguza ufyonzwaji wa vitamini B12, ambayo uzeeni tayari hufyonzwa kwa shida. Usiache dawa, omba upimwe B12, na ule mayai, maziwa, samaki au maini.

Mjukuu wa Kongwa: Nitajuaje kwamba chakula kinamsaidia bibi?
Jibu: Usitazame ncha, tazama shina la ukucha, palipo karibu na ngozi, kwa sababu ndipo upya huanzia. Chora alama ndogo kwa tupa ya kucha kwenye kidole gumba na uitazame ikipanda mwezi hadi mwezi. Ya kwangu niliichora Januari, na mwezi wa Agosti niliikata pamoja na ncha.