Tamasha la kumbukumbu ya mwimbaji wa roki: anzieni kwa mama yake

Figo zilipomshinda mwimbaji wetu, arobaini haijafika vijana walikuwa wameshaanza kuulizia bei ya ukumbi. Niliwazuia. Kwanza nendeni nyumbani kwa marehemu, mkae na wazazi, muombe idhini ya jina, picha na nyimbo, kisha muwaulize pesa ziende wapi. Mama yake alisema, "Wachangieni wale aliokuwa akisubiri nao zamu ya mashine ya kusafisha damu." Hapo tukawa na la kuwaambia watu wakate tiketi.

Ugonjwa utajeni jukwaani kwa jina lake. Freddie Mercury, mwimbaji wa roki mzaliwa wa Zanzibar, alifariki Novemba 24, 1991, siku moja tu baada ya umma kutangaziwa kuwa ana UKIMWI. Wenzake wa bendi ya Queen walimwandalia tamasha Wembley, London, Aprili 20, 1992, mbele ya watu wapatao 72,000, na mwigizaji wa filamu Elizabeth Taylor akapanda kuzungumzia UKIMWI waziwazi, enzi ambazo wengi walikuwa wakiunong'ona. Ndipo ukazaliwa mfuko wa kupambana na UKIMWI, Mercury Phoenix Trust.

Wala msitafute wa kumuiga marehemu. Pale Wembley, Brian May, Roger Taylor na John Deacon wa Queen walibaki kwenye vyombo vyao, waimbaji wakapokezana: George Michael, David Bowie na Annie Lennox, mpaka Liza Minnelli akaongoza wimbo wa kufungia. Nasi tuligawa nyimbo 9 kwa waimbaji 6. Ule mkubwa ulikuwa juu mno kwa dada aliyeupewa, tukaushusha toni nzima. Mpiga gitaa alilazimika kujifunza upya mikao ya vidole, siku nne mfululizo, maana nyuzi alizozoea kuziacha wazi sasa zilitoa sauti isiyofaa. Tengeni muda wa hayo. Mazoezi mawili hayatoshi.

Ngoma na ampli ziwe seti moja kwa wote, mtaokoa saa nzima.

Kiingilio chote kiingie lipa namba moja, na akaunti iwe na watia saini watatu, mmoja wao ndugu wa marehemu. Fundi mitambo mlipeni. Kesho yake pelekeni hesabu kwa familia, imeandikwa. Mama alipitisha kidole mstari kwa mstari, akasimama penye nauli ya kubeba spika, akauliza. Nikamwonyesha risiti. Akaendelea hadi chini.