Mlonge na kitunguu saumu kwenye chakula cha broila

Kila nikiingia banda la broila, yaani kuku wa nyama, sikosi ndoo ya maji ya kijani: mwarobaini, shubiri na kitunguu saumu, vyote vimetwangwa pamoja. Ukiuliza kipimo unaambiwa "nakadiria tu". Broila anauzwa wiki ya 5 au ya 6. Akigoma kula siku 2 kwa sababu ya uchungu, huo uzito hutaufidia. Ndiyo maana mwarobaini mimi siuweki.

Mimea inayosaidia ipo. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vinyweleo vinavyofyonza chakula. Bakteria wabaya wakizidi vinachakaa, na pumba uliyoinunua kwa bei inatoka na kinyesi haijasagika. Kitunguu saumu kikipondwa hutoa alisini, inayowapunguza bakteria hao. Ulaya, baada ya kupiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo Januari 2006, nao waligeukia mimea, hasa mafuta ya oregano.

Majani ya mlonge yaanike kivulini hadi yavunjike mkononi, yatwange, uyachekeche. Gunia la kilo 50 litie gramu 500. Usije ukafika kilo 2 na nusu ukidhani unambembeleza kuku: nyuzinyuzi zinajaza tumbo, mwili unabaki nyuma. Unga wa kitunguu saumu gramu 250 zinatosha. Changanya kwanza na kilo 2 za chakula, ndipo umwage kwenye gunia zima, la sivyo kuku mmoja atakula unga mtupu na mwenzake asionje. Ukipenda kuweka kwenye maji, yamwage jioni na usugue vyombo, maana ule utelezi unaobaki ndio unaofuga bakteria.

Sasa kuhara damu. Hapo mlonge hauponyi, usidanganywe. Mayai ya kimelea chake hukomaa kwenye maranda yenye unyevu na joto kwa siku 1 au 2 tu. Chota maranda chini ya chombo cha maji, yafinye: yakishikana donge, yatoe, weka makavu, na uinue chombo kilingane na mgongo wa kuku. Kazi hii ya dakika 10 naiamini kuliko unga wowote.

Ukiona damu kwenye kinyesi, mpigie mtaalamu wa mifugo na uanze dawa ya amproliamu siku hiyohiyo, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Ndoo ya kijani iweke kando kwanza.